Pembe ya Ng'ombe Asiyekuwepo

Picha ile aliipiga Nyanda mwenyewe, Jumapili baada ya ibada, binti yake Joyness akiwa na gauni la njano na viatu vipya ambavyo alikuwa amekataa kuvivua. Minza, mkewe, ndiye aliyeomba mtoto apigwe picha ili itumwe kwa dada yake Shinyanga. Mvua ilikuwa inakaribia na ndani mlikuwa na giza, simu ikajiwashia mwanga yenyewe. Mtoto akacheka. Nyanda alipoitazama ile picha aliona meno, gauni, viatu, na jicho la kushoto lenye chembe nyekundu kama la mtu yeyote anayepigwa picha gizani. Jicho la kulia halikuwa hivyo. Pale katikati panapotakiwa kuwa peusi palikuwa peupe, kama tone la maziwa limedondokea mahali pasipo pake.

Akaifuta. Akamwambia Minza kuwa mtoto alitikisika, picha imetoka vibaya, watapiga nyingine.

Weupe ule alikuwa ameshauona. Mtoto wao wa kwanza, Eufrasia, alikuwa nao. Miaka saba iliyopita walikuwa wanamwita Paka, kwa sababu jua likizama na yeye akigeuka kutazama mlangoni, jicho lake moja lilikuwa linang'aa, na nyumba nzima ilikuwa inacheka. Baada ya miezi michache jicho likaanza kuuma, likavimba, likasukumwa nje. Wakazunguka naye kwa waganga watatu. Alizikwa kando ya ua wa minyaa akiwa na miaka mitatu, msimu wa kuchuma pamba, na tangu hapo hakuna mtu pale nyumbani aliyelitamka tena lile jina la utani.

Kwa wiki tatu Nyanda alimfuata Joyness kama mtu anayefuata ng'ombe aliyekula sumu. Alimpungia mkono upande wa kulia, mtoto hakugeuka. Alimziba jicho la kushoto kwa kiganja, kama mchezo, mtoto akapiga kelele na kumsukuma. Akimziba la kulia, mtoto aliendelea kula kiazi chake. Nyanda alikuwa anajua, na alikuwa anasubiri, ingawa hakujua anasubiri nini. Alihisi kwamba siku atakayolitamka jambo lile kwa mdomo wake, ndiyo siku litakayoingia ndani na kukaa.

Yeye mwenyewe alikuwa na jicho moja. La kulia lilikuwa shimo lililofunikwa na kope, na kila aliyemuuliza alimjibu vile alivyoambiwa na mama yake: alipigwa pembe na ng'ombe akiwa mdogo. Watu wa Nkololo hawakuwa na sababu ya kutoamini. Pale kila boma lina mtu mwenye alama ya ng'ombe mwilini.

Minza akaliona jicho la Joyness siku anamwogesha mlangoni. Hakupiga yowe. Aliita tu, "Baba Joyness, njoo uangalie," na Nyanda akaja, akainama, akasema kwamba pengine ni vumbi.

Minza alimtazama kwa muda mrefu, maji yakimchuruzika mikononi.

"Ulikuwa unajua," akasema.

Nyanda akaokota sabuni iliyoanguka mchangani.

* * *

Habari hazikuchukua siku mbili kumfikia Marcelo, mdogo wa marehemu baba yake Nyanda, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo sasa. Alikuja na baiskeli yake, akapewa kigoda, akamtazama mtoto kwa mbali kama vile ni moto. Kisha akasema kile ambacho Nyanda alijua atakisema. Yule mwanamke bado yuko hai. Walimfukuza, lakini kumfukuza mtu wa aina ile ni kumpa nafasi tu. Kutoka Migato alikokimbilia mpaka hapa, kwa mtu kama yeye si mbali.

Yule mwanamke ni Nyanjige, shangazi yake Nyanda, dada wa kufuatana na baba yake. Aliolewa, hakujaliwa kuzaa, akarudishwa, akajengewa kibanda kwenye boma la kaka yake. Eufrasia alipougua, Nyanjige ndiye aliyesimama uani mbele ya watu akasema mtoto apelekwe hospitali wakalitoe lile jicho. Alisema mara moja na ya pili na ya tatu. Watu wakaanza kuulizana, mwanamke asiye na mtoto anataka jicho la mtoto wa mwenzake la nini? Eufrasia alipokufa, swali likawa na jibu. Wazee wa ukoo wakakaa, wakapitisha afukuzwe, na saa kumi jioni siku ileile vijana wa kitongoji wakakiwasha moto kibanda chake. Aliondoka kwa miguu na beseni la nguo kichwani.

Sasa Marcelo alisema kuna mganga mwingine, mzuri zaidi, ng'ambo ya mto. Nyanda alikuwa anaangalia chini. Aliyeinuka ni Minza, na mkwe wake akiwa amekaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.

"Baba," alisema taratibu, "wa kwanza tulimpeleka mlikotaka nyie. Huyu nampeleka hospitali."

Marcelo akasubiri Nyanda amkanye mkewe. Nyanda hakumkanya. Mzee akachukua baiskeli yake akaondoka bila kunywa maji.

Kesho yake Nyanda aliuza mtamba mmoja, na keshokutwa walikuwa Bariadi mjini, kwenye benchi la kliniki ya macho, tangu saa moja asubuhi. Mama mmoja aliyekaa karibu nao alimtazama Joyness, akamtazama Nyanda, kisha akamhamisha mwanawe kutoka paja moja hadi lingine, upande wa mbali. Hakufanya kwa ubaya. Ndiyo maana iliuma.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Veronica, jina lilikuwa limeandikwa kifuani. Alimulika jicho la Joyness kwa kurunzi ndogo akiwa anamtania, halafu utani ukakatika. Akaenda kumwita daktari, wakamulika wote wawili, wakaanza kuandika rufaa papo hapo. Alimwambia Minza wasirudi nyumbani kwanza kuchukua nguo, waende Mwanza hivyohivyo walivyo. Kisha akamgeukia Nyanda, kalamu mkononi.

"Na wewe baba, jicho lako lilipatwa na nini?"

"Pembe ya ng'ombe."

Akaandika.

* * *

Daktari wa Mwanza aliitwa Constantine, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye alimfanyia Joyness vipimo kwa siku mbili na siku ya tatu akawaita wazazi chumbani kwake. Lakini kabla ya kusema lolote alimwomba Nyanda akae kwenye kile kiti cha wagonjwa. Nyanda akasema yeye haumwi. Daktari akasema anajua. Akainua ile kope iliyolala, akamulika shimo, akapapasa mfupa wa juu na wa chini kwa kidole.

"Nani alikwambia ni pembe?"

"Mama yangu."

"Yupo?"

"Alishafariki."

Daktari akarudi kukaa. Alisema pembe inachana kope, na mara nyingi inavunja mfupa. Pale hapakuwa na kovu hata moja. Jicho lile lilitolewa na mtu aliyejua kazi yake, na lilitolewa likiwa na sababu.

Nyanda alitaka kubisha, akagundua hana cha kubishia. Aliwahi kumwuliza mama yake ni ng'ombe yupi, akaambiwa aliuzwa. Aliwahi kuuliza ilikuwa wapi, akaambiwa malishoni, wakati mtoto wa miaka mitatu hapelekwi malishoni. Alichokuwa nacho yeye kichwani tangu utoto si ng'ombe. Ni harufu kali ya dawa, kitambaa cheupe usoni, na mgongo wa mwanamke unaotembea, unatembea, haufiki. Alikuwa anaota vile mara kwa mara, na siku zote aliamka akiwa ameshika uso.

Daktari akaeleza. Joyness alikuwa na saratani ya jicho, ile inayowapata watoto wadogo. Katika kila chembe ya mwili kuna maelekezo ambayo mtu anayapata kwa baba na mama, yanaitwa vinasaba. Yapo ya rangi, yapo ya kimo, na yapo yanayozuia chembe za jicho zisiongezeke ovyo. Haya ya kuzuia mtu anayapata mawili, moja kwa baba, moja kwa mama.

"Ni kama ng'ombe mkali unayemfunga kwa kamba mbili," alisema. "Moja ikikatika, ya pili inamshika. Mwanao alizaliwa na kamba moja tu nzima. Ile nyingine ilikuja imeshakatika. Basi ndani ya jicho hii moja nayo ilipokatika, hapakuwa na cha kuzuia."

Minza akauliza ile iliyokatika ilitoka kwa nani. Daktari alimtazama Nyanda kwa namna ambayo Minza naye akageuka kumtazama.

Kisha daktari akasema kuhusu matibabu. Jicho la kulia limejaa, haliwezi kuokolewa. La kushoto lina madoa mawili madogo, yatatibiwa kwa leza na dawa za dripu, na wana matumaini nalo.

"Mkiling'ang'ania lile la kulia mtampoteza mtoto. Mkikubali jicho liende, mtoto atabaki."

Nyanda aliinuka akatoka nje. Alisimama kwenye korido, paji la uso likigusa ukuta, watu wakipita nyuma yake na ndoo na mashuka. Maneno yale alikuwa ameshayasikia. Hayakuwa yanafanana tu na aliyowahi kuyasikia, yalikuwa ndiyo yenyewe. Kubalini jicho liende, mtoto abaki. Aliyasikia uani kwake, kwa Kisukuma, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa amesimama peke yake.

* * *

Walisaini. Joyness akaingizwa chumba cha upasuaji akiwa anauliza viatu vyake viko wapi, akatoka na bandeji nusu ya uso, na siku ya pili tayari alikuwa anataka uji. Watoto wanapona haraka kuliko wanaowatazama.

Daktari Constantine alikuwa na mambo mawili zaidi. Aliona kwenye karatasi kuwa Minza ana ujauzito wa miezi minne. Mtoto huyo, alisema, nusu kwa nusu. Anaweza kuwa amepata kamba iliyokatika, anaweza kuwa amepata nzima, na hakuna dua wala dawa ya kubadilisha kwa sasa. Kinachowezekana ni kumleta mapema, wiki za kwanza kabisa baada ya kuzaliwa, kabla jicho halijaonyesha kitu. Akiwa nayo, watamwahi.

La pili lilikuwa la Nyanda. Kama kuna mtu yeyote aliye hai anayejua jicho lake lilitolewaje, amtafute. Si kwa ajili ya kumlaumu. Anahitaji kujua kama kuna mwingine katika ukoo aliyewahi kuugua hivyo, maana kaka yake Nyanda ana watoto.

Nyanda alijua yupo mmoja tu. Asubuhi alimwambia Minza anakwenda Itilima, atarudi baada ya siku mbili. Minza hakuuliza kwa nani.

* * *

Huko Itilima, kijijini Migato, aliulizia mara moja tu, akaelekezwa kwa mjane mmoja aitwaye Felisita. Nyuma ya nyumba ya Felisita palikuwa na chumba kimoja cha matofali mabichi, na mlangoni pake Nyanjige alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya karanga. Alikuwa amezeeka zaidi ya ile miaka saba tangu aondoke. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, kama yalivyokuwa siku zote, yale ambayo watu walisema ni ushahidi wa uchawi.

Nyanda akachuchumaa mbali kidogo. "Mwadila, shangazi."

Hakuitikia. Aliendelea na karanga zake mpaka konzi ikajaa, akazimimina kwenye ungo.

"Ni mtoto gani?" akauliza.

"Wa pili. Joyness."

"Jicho?"

"Wamelitoa juzi. Yuko hai."

Mikono ya Nyanjige ikasimama. Alitazama ukuta wa nyumba ya Felisita kwa muda, midomo ikicheza kama mtu anayehesabu. Kisha akavuta mkeka kidogo upande mmoja, na Nyanda akaelewa kwamba anaruhusiwa kukaa.

Alimsimulia bila kumtazama. Nyanda alikuwa na miaka miwili na nusu jicho lilipoanza kung'aa. Baba yake akaita mganga, akaita wa pili. Nyanjige alikuwa ndiyo kwanza karudishwa kutoka alikoolewa, hana kazi ya maana pale nyumbani, kazi yake ilikuwa kumbeba mtoto. Siku moja akaaga kuwa anakwenda naye kisimani, akaenda naye hospitali ya misheni, siku mbili kwa miguu na nusu siku juu ya lori la pamba. Mzungu mmoja mzee akamwambia kupitia kwa mkalimani kwamba jicho likienda, mtoto atabaki. Wakamwuliza kama yeye ni mama yake. Akasema ndiyo, akaweka dole gumba.

Aliporudi naye, kaka yake alimpiga mpaka akashindwa kunyanyua mkono mwezi mzima. Baadaye, mtoto alipoonekana ananawiri, kaka yake akamwapisha. Hakuna wa kujua. Kijana mwenye ugonjwa wa kuzaliwa nao hataozwa mke, na ukoo utanuka. Pembe ya ng'ombe ni heshima. Mama yake Nyanda akakubali, na ng'ombe akatungwa, akauzwa kabla hajawahi kuwepo.

Nyanda aliuliza kama kuna mwingine aliyewahi kuwa na jicho lile, babu, au ndugu wa zamani. Nyanjige akasema yeye ndiye aliyewaogesha na kuwazika wengi wa ukoo ule, na hakuwahi kuliona kwa mwingine. Lilianza kwa Nyanda mwenyewe.

"Kwa nini hukusema, shangazi? Eufrasia alipougua, kwa nini hukusema?"

Hapo ndipo Nyanjige alipomtazama.

"Nilisema."

"Hukusema juu yangu."

"Kiapo kilikuwa juu yako, nikakinyamazia, ukapata mke. Yaliyobaki niliyasema yote. Nilisimama uani kwako nikayasema mara tatu."

Nyanda akapiga magoti. Akaomba msamaha. Mwanamke akamsikiliza mpaka mwisho, na hakuonekana kuguswa wala kukasirika. Alionekana amechoka.

"Unaniomba hapa," alisema, "mimi na wewe na kuku. Siku ile mlikuwa wengi."

Akarudi kwenye karanga zake.

* * *

Alimweleza daktari kwanza, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi. Daktari Constantine akaitikia kwa kichwa. Alisema hutokea hivyo. Mara nyingine kosa halitoki kwa baba wala mama, linazuka lenyewe wakati mtu anaanza kuumbwa, herufi moja inaruka katika maandishi marefu, basi. Hakuna aliyelitia. Watoto wa kaka yake waangaliwe kwa uhakika tu, lakini hadhani kama watakuwa nalo. Nyanda alishukuru akatoka, na akaona kuwa hilo lilikuwa zito kubeba kuliko yote. Miaka saba alikuwa na mtu wa kumlaumu. Hata baada ya kujua ukweli, alikuwa ametegemea kumkuta babu fulani huko nyuma wa kumkabidhi mzigo. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na yeye tu, akiwa hajazaliwa, akiwa mdogo kuliko mbegu ya mtama, na tayari Eufrasia alikuwa ameshakufa ndani yake.

Minza alimsikiliza akiwa amempakata Joyness aliyelala. Nyanda alimweleza yote, lori la pamba, dole gumba, kiapo. Alipomaliza, alisubiri aambiwe, kwa hiyo ni wewe. Alikuwa amejiandaa kwa hilo.

"Nilimtemea mate," Minza akasema.

"Nani?"

"Shangazi. Siku anaondoka alipita mlangoni kwangu na beseni lake. Akasimama kama anataka kuniaga. Nikamtemea mate." Akafuta kitu ambacho hakikuwepo kwenye shavu la mtoto. "Hakujifuta. Alikuwa ameshika beseni kwa mikono yote miwili."

Tangu hapo Nyanda hakuweza kuweka mkono kwenye tumbo la mkewe. Mtoto alipokuwa akicheza, Minza alimwita aje aguse, naye alikuja akasimama karibu, mikono nyuma. Alihisi kama kiganja chake ndicho kitakachochagua.

Jumapili ya pili baada ya kurudi Nkololo, aliuomba ukoo ukutane. Marcelo alikubali akidhani kijana amekuja kujirudi, na watu wakaja wengi kwa sababu walitaka kumwona mtoto aliyetolewa jicho. Walikaa kwenye uwanja wa Marcelo, wanaume kwenye vigoda, wanawake kwenye mikeka, watoto kila mahali. Wengi wao ndio walewale.

Nyanda alisimama. Alikuwa amejifunza maneno njia nzima, lakini yalitoka machache.

"Eufrasia hakulogwa. Ugonjwa ulitoka kwangu. Hili jicho langu halikupigwa pembe, lilitolewa hospitali, na aliyenipeleka ni shangazi Nyanjige. Alituambia cha kufanya, tukamchomea nyumba."

Mtu akakohoa. Mwingine kutoka nyuma akauliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama hao wa hospitali wamempa kitu ili aje aseme hivyo. Nyanda akasema hapana. Akaeleza zile kamba mbili, akaeleza vibaya, akaanza upya. Marcelo alikuwa ametazama fimbo yake muda wote.

"Umeuvua nguo ukoo," alisema. "Baba yako alikuficha kwa miaka thelathini, wewe umejitoa hadharani kwa asubuhi moja. Nani ataoa hapa sasa?"

Kwenye mikeka, mke wa kaka yake Nyanda alikuwa ameacha kusikiliza. Alikuwa amemshika mwanawe mchanga kidevu, akamgeuza taratibu kuelekea jua, anachungulia jicho moja, kisha jingine. Jirani yake alimwona, akamvuta wa kwake. Ikaenda hivyo kimyakimya kutoka mkeka mmoja hadi mwingine, mpaka uwanja mzima ukajaa watoto walioshikwa kidevu, wanalialia kwa mwanga, na mama zao wanawatazama kwa hofu ambayo Nyanda aliijua ladha yake. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Katika wote, hakuna aliyelitaja jina la Nyanjige.

* * *

Alirudi Migato Alhamisi iliyofuata. Felisita alikuwa ameenda mnadani, na Nyanjige alikuwa ndani ya chumba chake, mlango wazi, anakunja nguo. Nyanda alisimama nje akamwambia kwamba amelisema.

"Wapi?"

"Kwa baba Marcelo, uwanjani."

"Walisema nini?"

Nyanda alifikiria kumwambia lolote zuri. "Hawakusema kitu," akajibu.

Nyanjige aliendelea kukunja kanga, pembe kwa pembe. Kisha akaanza kuuliza. Marcelo alikuwepo? Alikuwepo. Mke wake mdogo? Alikuwepo. Yule kijana wa fundi baiskeli, mwenye meno ya mbele yaliyoachana? Naye alikuwepo. Mzee wa kanisa? Alikuja akachelewa. Aliwataja polepole, kila jina akilipa nafasi yake, na alikuwa anawataja kwa mpangilio, wa mbele kwanza, wa pembeni, wa nyuma, kana kwamba anawaona wamesimama. Nyanda akajibu tisa au kumi kabla hajatambua kwamba shangazi yake haulizi tena habari za Jumapili. Baadhi ya aliowataja walishahama, mmoja alishakufa. Alikuwa anawataja waliokuwa mbele ya kibanda chake saa kumi jioni, moto ulipowaka.

"Na wewe," akauliza, "ulikuwepo?"

Miaka saba Nyanda alikuwa amemwambia kila mtu, na Minza wa kwanza, kwamba saa ile alikuwa lamboni ananywesha ng'ombe. Alishalisema mpaka akawa anawaona wale ng'ombe, anausikia mguno wao wakizama mpaka magoti majini. Alifungua mdomo, na ng'ombe walikuwa palepale, wamejipanga, tayari.

"Nilikuwepo, shangazi. Nilisimama nyuma ya yule mtu mrefu, ili usinione."

"Nilikuona," Nyanjige akasema.

Akaiweka ile kanga juu ya nyingine. Nje upepo ulikuwa unasukuma maganda ya karanga ukutani. Baada ya muda alimwambia aingie, aache kusimama mlangoni, anamzibia mwanga.